Bunduki ya Pampu: Tuitengeneze au Tuiache?



Katika ukurasa huu tumezoea kutoa khabari za miche, majamvi, makonyo na bei. Mara hii twaomba ruhusa yenu tuseme khabari ya bunduki. Msishituke. Si bunduki ya baruti wala ya vita. Ni ile bunduki ya upepo, ya kupigwa pampu kwa mkono, ambayo baadhi yetu tunayo majumbani kwa urithi wa wazee, na aghalabu imeegemezwa nyuma ya mlango wa ghala pamoja na ngowe na kamba zilizochakaa.

Kilichotufanya tuandike ni mazungumzo yaliyotokea barazani baada ya mkutano wetu uliopita. Mwanachama mmoja alisema kuwa takataka hizi afadhali zikatwe na kuuzwa kwa kilo, maana nyingi ni shaba. Mwingine akasema la, ziende kwa fundi wa kuchomelea azizibe zinapovuja. Sisi twaona mashauri yote mawili si mema, na la pili ni baya kuliko la kwanza. Lakini liko na jambo la tatu ambalo hakuna aliyelisema siku ile, nalo lilitupata sisi wenyewe, na ndilo hasa tunalotaka mlisome. Tutalieleza mahali pake wala hatutajificha.

Bunduki tuliyoitengeneza sisi ni ya nyumbani kwa mwanachama mwenzetu aliyefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ujana wake alifanya kazi ya upishi Unguja, na mwenyewe alikuwa akieleza kuwa alipewa bunduki hiyo na Mmarekani mmoja wa kile kituo cha Tunguu, kilichokuwa kikifuatilia vyombo vya angani mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kufungwa mwaka 1964. Alirudi nayo kisiwani kwetu, akaitumia miaka michache, ikaishiwa nguvu, akaiweka. Baada ya hapo ikawa kitu cha watoto. Wanawe waliichezea vita, kisha wajukuu, na sasa vitukuu. Kila aliyezaliwa katika nyumba ile amepata kumwelekezea nduguye bunduki hiyo, akavuta triga na kusema "pu!" kwa mdomo wake mwenyewe, maana bunduki haikuwa na sauti tena.

Ni bunduki ya kampuni ya Sheridan, iliyokuwa katika mji wa Racine, jimbo la Wisconsin. Kampuni hiyo ilitoa bunduki yake ya kwanza mwaka 1947, nzuri sana lakini ghali, watu hawakuinunua kwa wingi. Mwaka 1949 ikatoa nyingine ya bei nafuu, na hiyo ndiyo iliyoenea. Ya nikeli iliitwa Silver Streak, na nyeusi ikaitwa Blue Streak. Yetu ni hiyo nyeusi, ijapokuwa weusi umebaki pembeni tu, na kwingine shaba ya manjano imechungulia kwa kushikwashikwa. Wala si ya kwanza ya namna yake. Kampuni ya Benjamin ya St. Louis ilikuwa ikiuza bunduki za pampu tangu mwanzo wa karne ya 20, na ukirudi nyuma zaidi utakuta jeshi la Austria liliikubali bunduki ya upepo ya Girardoni mwaka 1780, ambayo kitako chake ndicho kilichokuwa chupa ya hewa, na kukijaza kulitaka mapigo kama 1500 ya pampu. Sisi tuliopiga 8 tukahema twawaonea huruma askari wale. Sheridan ilinunuliwa na Benjamin mwaka 1977, na zote mbili zikaingia mikononi mwa Crosman mwaka 1992. Twayataja haya kwa sababu moja tu: mtu anayetafuta kipuri kwa jina lililopigwa kwenye shaba huenda akadhani kampuni imekufa na vipuri vimekufa nayo. Sivyo. Vipuri vya bunduki hizi vingali vikitengenezwa huko Marekani, vingine na mafundi wadogo wanaofanya kazi hiyo tu.

Sasa, mwenye kuijua karabai anaijua bunduki hii. Wazee wetu waliowasha karabai kila usiku wa maulidi na wa harusi hawahitaji kufundishwa. Ndani ya pampu ya karabai mna kikombe cha ngozi. Ukisukuma, kingo zake hutanuka na kuishika hewa. Ukivuta, hujikunja na kuiachia ipite. Chini ya pampu mna valvu ndogo ambayo huiruhusu hewa kuingia wala hairuhusu kutoka. Bunduki ni hivyo hivyo. Ule ubao ulio chini ya mtutu ndio mpini wa pampu, hufunguliwa na kufungwa kama bawaba. Kila ukifunga, ngozi husukuma hewa ipite valvu ya kwanza na kukaa katika chumba kidogo. Nyuma ya chumba hicho iko valvu ya pili, na nyuma ya valvu hiyo kiko kinyundo chenye springi. Ukivuta triga, kinyundo hupiga valvu, valvu hufunguka kitambo cha kupepesa jicho, na hewa yote hukimbilia mtutuni nyuma ya risasi. Hakuna zaidi ya hayo. Tofauti ni nguvu. Hewa ya karabai yatosha kupandisha mafuta ya taa, basi. Hewa ya bunduki hii imebanwa makumi ya mara zaidi, na ikiwa nzima, kwa pampu 8, huirusha risasi ya milimita 5 kwa mwendo wa karibu mita 200 kwa sekunde. Kwa mwendo ulio chini sana ya huo jicho hupasuka.

Kwa hiyo, aliyeamua kuitazama bunduki yake kwanza na aichukulie kuwa imejaa, hata kama haijaguswa tangu babu yake. Aielekeze chini penye mchanga, afungue komeo atazame kama mna risasi, kisha afyatue. Ndipo aanze kuuliza maradhi.

Na maradhi ya kwanza si maradhi. Bunduki hizi hutaka komeo livutwe nyuma kwanza, mpaka kinyundo kinaswe, ndipo pampu ipigwe. Kama hukuvuta, kinyundo kinaiegemea valvu na kuiacha wazi kidogo, na hewa yote unayoisukuma hupita moja kwa moja na kutoka mdomoni mwa mtutu. Mtu hupiga pampu, husikia "sss", husema imekufa. Sisi twaamini ziko bunduki zilizouzwa shaba hali ni nzima, kwa kukosa mtu wa kuvuta komeo.

Ukishavuta, sikiliza. Ikiwa pampu ni nyepesi kama hakuna kitu ndani, ngozi imekauka. Ikiwa pampu ni nzito lakini mpini wainuka wenyewe baada ya kuufunga, valvu ya kuingizia hewa haifungi. Aliyepata kuona mpini wa pampu ya karabai ukipanda wenyewe anajua tunachosema. Ikiwa hewa yanong'ona mtutuni, basi ni valvu ya kutolea. Ya kwetu ilikuwa na la kwanza na la mwisho.

Tuliitia matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye ngozi, tukaiacha ilale. Asubuhi pampu ikashika. Pigo la tatu lilikuwa zito hata vijana wakatazamana. Lakini furaha hiyo haikudumu wiki, maana ngozi ya miaka 60 ikitiwa mafuta hulainika, na ikisha kulainika hupasuka palipokuwa na ufa. Ikawa hapana budi kutia mpya.

Hapa ndipo tulipojifunza, na twaomba mtuvumilie tukieleza kwa urefu, kwa kuwa ngozi hii ndiyo ile ile ya karabai na ya stovu ya pampu, na aliye na ujuzi huu hatupi kitu nyumbani mwake. Tulikwenda kwa fundi viatu. Tukamwomba ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome, si ile laini ya mikoba, kwa sababu ile laini haikubali kushika umbo. Unene wake usipungue milimita 2. Tukachukua ubao mgumu, tukautoboa tundu la upana sawasawa na ndani ya bomba la pampu, na tukachonga kijiti cha mviringo kinachopita humo kikibakisha nafasi ya unene wa ngozi pande zote. Ngozi ikarowekwa katika maji ya vuguvugu mpaka ikawa kama kitambaa. Ikawekwa juu ya tundu, kijiti kikaisukuma ndani taratibu, ikatoka umbo la kikombe. Kisha ikaachwa na kijiti chake ikauke kivulini siku mbili. Kivulini, wanachama! Hapa mkulima wa karafuu hukosea, maana sisi kila kilicho na majimaji twakipeleka juani. Jua hukaza ngozi hii na kuikunja, na kazi yote imepotea. Ikisha kukauka hukatwa kingo kwa wembe mkali, hutobolewa katikati, na hulazwa usiku kucha ndani ya mafuta.

Kikombe chetu cha kwanza kilikuwa kinene, hakikuingia. Cha pili kiliingia lakini mdomo ukapinduka, kosa letu, tulikisukuma kikavu. Cha tatu ndicho kilichomo mpaka leo.

Liko jambo moja dogo ambalo fundi wa haraka hulipita. Mpini ukifungwa, uso wa kikombe sharti ufike kwenye valvu na kuigusa tu. Pakibaki nafasi, hata ya unene wa ganda la yai, hewa hubaki humo ikibanwa na kutanuka, haiingii chumbani. Pampu itakuwa nzito, jasho litakutoka, na risasi itaanguka miguuni. Sisi tuliongeza vipande vya ngozi nyembamba nyuma ya kikombe mpaka ikagusa.

Kuhusu mafuta, mepesi ya mashine yatosha, na matone mawili matatu tu. Si mafuta ya taa, si petroli, wala yale ya kupuliza ya kulainishia kutu: yote hayo hula mipira na huondoa mafuta mazito yaliyo na faida, na mafuta yanayoshika moto upesi hayana kazi mahali hewa inapobanwa kwa nguvu namna ile. Mafuta ya nazi tunayapenda sote, lakini huganda kukipoa na baadaye hunata. Yabaki jikoni.

Tuje kwa rafiki yetu aliyetaja fundi wa kuchomelea. Mtutu wa bunduki hii na bomba la pampu ni vitu viwili vilivyoungwa kwa lehemu toka mwanzo hadi mwisho. Ukipeleka moto popote karibu, lehemu huyeyuka, mtutu huachana na bomba au hupinda usionekane kwa macho, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha ila aliye na vifaa vya kiwanda. Tena inapovuja si kwenye shaba kabisa. Inavuja kwenye valvu, ambayo moto hauiponyi. Vilevile isibanwe kwenye jiliwa, kwa kuwa bomba ni laini na likibonyea kidogo tu ngozi haitapita tena. Ile valvu hukaa ndani kabisa, hufunguliwa kwa spana yake maalumu. Hatukuwa nayo. Tulichonga moja kwa tupa kutoka kipande cha bomba la chuma, yapata siku nzima ya kazi, na twashukuru hatukufuata shauri la kijana aliyekwisha kuleta bisibisi na nyundo. Ilipotoka tukaona uso wa valvu ya kutolea umejichimbia kipunje cha uchafu. Tuliusafisha, tukausawazisha taratibu juu ya kioo bapa, ukafunga.

Weusi hatukuurudisha. Walikuwapo waliotaka tuisugue ing'ae au tuipake rangi ya mlango. Tulikataa. Alama za mikono ya marehemu zimo katika shaba ile, na bunduki haipigi vizuri zaidi kwa kung'aa.

Basi ikawa nzima. Jioni ile tuliipiga kwenye kibati cha maziwa mbele ya lundo la mchanga, hatua 20, ikakitoboa upande huu na huu. Kila mtu akataka zamu. Magharibi ilipoadhiniwa tukaimaliza risasi, tukaipangusa, na mmoja wetu aliyekuwa amesoma mashauri ya watengenezaji akasema bunduki ya namna hii isiwekwe tupu. Iachwe na pigo moja la pampu ndani, hewa ile kidogo huzikaza valvu zikae zimefunga na kuzuia vumbi lisiingie. Ni kweli, ndivyo wanavyoshauri. Tukapiga moja. Kinyundo kikabaki nyuma. Tukairudisha pale pale ilipokaa miaka yote, nyuma ya mlango wa ghala, tukaenda kusali.

Tuliporudi tukasikia kilio. Kitukuu cha marehemu, mtoto wa miaka 6, alikuwa ameichukua kama anavyoichukua kila siku. Alimwelekezea dada yake kama anavyomwelekezea kila siku, karibu kabisa, kiasi cha dhiraa moja. Akavuta triga. Lakini safari hii hakusema "pu" yeye. Bunduki ndiyo iliyosema. Risasi haikuwamo. Ilitoka hewa na mafuta, ikampiga mtoto wa kike shavuni chini ya jicho. Alilia kwa kushituka zaidi kuliko kwa maumivu, na baada ya kuoshwa uso hakukuonekana alama. Sisi watu wazima watano tulisimama ghalani tukitazamana na hakuna aliyeweza kusema neno. Kama tungalisahau risasi moja mtutuni! Na tulikuwa tumezimaliza kwa sababu tu magharibi ilikuwa imeingia.

Mtoto hakufanya kosa. Nyumba nzima ilimfundisha kuwa kile ni kitu cha kuchezea, na kilikuwa hivyo kweli mpaka saa kumi ya siku ile. Sisi ndio tuliokibadili, bila kumwambia. Hili ndilo jambo la tatu ambalo halikusemwa barazani. Tumezoea kudhani kuwa bunduki mbovu ni hatari na iliyotengenezwa na fundi ni salama. Kwa bunduki iliyolala miaka mingi kati ya watu mambo ni kinyume: ilipokuwa mbovu haikumdhuru mtu, na siku ilipopona ikawa katika mikono iliyozoea kuidharau.

Je, tuache kutengeneza? Sisi hatusemi hivyo. Twasema anayetaka kuitengeneza aanze na nyumba kabla ya ngozi. Atafute kwanza mahali pa kuifungia kwa kufuli, na risasi zifungiwe pengine. Aende kituo cha polisi aulize kuhusu kibali, maana bunduki kwa jina lolote ni bunduki, na asije akakamatwa nayo njiani akiipeleka kwa fundi viatu akajitetea kuwa ni ya upepo. Asiye na mahali pa kuifungia na aiache ilivyo kaburini mwake, wala hatutamcheka.

Na kuhusu lile pigo moja la hewa, shauri la watengenezaji ni jema kwa bunduki. Kwa nyumba yenye watoto twalikataa waziwazi. Iwekwe tupu, komeo limefunguliwa, kila mtu aone. Valvu ikiingia vumbi, na iingie. Tumekwisha kujua njia ya kuisafisha. Watakaotuambia kuwa twaiharibu bunduki nzuri kwa woga tutawajibu kuwa ni kweli twaogopa.

Vijana nao wasijidanganye kuwa pampu 8 zikiwa nzuri, 15 ni bora. Ikizidi sana hewa, kinyundo hushindwa kuifungua valvu. Ukivuta triga hutasikia ila "ti", na mtu akasema haina kitu, kumbe imejaa kuliko ilivyopata kujaa. Hiyo ndiyo bunduki ambayo mtu huichungulia mdomoni. Mwenye kufikwa na hali hiyo aielekeze chini, asiifungue, asimpe mtu, akamwite anayejua.

Yako na mambo yetu sisi wakulima ambayo Mmarekani aliyeandika mashauri yake hakuyafikiria. Msimu unapofika, mikarafuu yetu ina watu. Mchumaji akiwa juu, katika majani yale mazito, humwoni. Utasikia labda tawi likivunjika. Kipande cha risasi kilichomkosa kunguru hakisimami hapo, huenda zaidi ya mita 200 kikitafuta pa kuangukia. Kwa hiyo ndani ya shamba la karafuu bunduki isielekezwe juu hata mara moja, msimu na si msimu, maana katika miti kuna na wakata kuni na watoto wa matunda. Na popo wetu waachwe. Popo mkubwa wa Pemba hapatikani mahali pengine popote duniani, idadi yake ilikwisha kushuka vibaya kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, na imepanda tena baada ya wanavijiji wenyewe kuanza kumlinda katika miaka ya 1990. Hatutaki isemwe kuwa chama chetu kilitengeneza bunduki za kumrudisha alikokuwa.

Tena risasi ni madini yenye sumu, na karafuu ni chakula. Aliyeshika risasi na aoshe mikono kwa sabuni kabla hajagusa jamvi, na shabaha isiwekwe karibu na uwanja wa kuanikia. Twajua jinsi wanunuzi wanavyopekua gunia kwa kutafuta makonyo na mchanga. Hebu fikirini wakute kipande cha risasi.

Ama wale watoto wawili, siku ya pili tuliwaita pamoja na wenzao wote wa nyumba ile. Hatukuwapiga wala hatukuwatisha. Tuliwapa kile kibati cha maziwa kilichotoboka, kila mmoja akatia kidole tunduni. Yule mtoto wa miaka 6 alitia kidole, akakitoa, akamtazama dada yake usoni muda mrefu. Toka siku ile, wenyewe watuambia, haulizi kilipo kile kitu wala hataki kuingia ghalani peke yake.

Mkutano ujao, baada ya shughuli za chama kwisha, yule fundi viatu atakuja na ngozi yake na ubao wenye matundu. Mwenye karabai, stovu au bomba la kunyunyizia dawa lenye kikombe cha ngozi alete, atakatiwa. Mwenye bunduki asiilete. Atwambie kwa mdomo, nasi tutamfuata nyumbani kwake tuitazame huko huko, mchana, watoto wakiwapo.